Msiulize simu ziko ngapi, ulizeni nani atalea
Barua ya wazi kwa watunzaji wa Flutter na React Native

Ndugu zangu watunzaji,

Naandika kutoka Dar es Salaam. Barua nyingi zinazowafikia kuhusu mifumo mipya ya simu huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, na hii huenda mkahitaji mtu wa kuwasomea. Haina neno. Sisi tumesoma maelekezo yenu kwa lugha ya wenyewe miaka yote. Leo mzigo ubadilishe bega.

Ninaandika kuhusu HarmonyOS, na kuhusu swali ambalo limekaa mezani kwenu tangu mfumo huo ulipoachana kabisa na Android: je, zana zenu za kutengenezea programu ziupokee kama zinavyoipokea Android na iOS? Jibu langu ni ndiyo. Ila ndiyo hiyo ina masharti, na baadhi yake yanawahusu nyinyi kuliko yanavyoihusu Huawei.

Kwa wasomaji ambao hawafuatilii mambo haya, habari yenyewe ni hii. Mei 2019 Serikali ya Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni ambazo haziuziwi teknolojia ya nchi hiyo bila kibali maalumu. Simu mpya za Huawei zikakosa huduma za Google. Agosti 9 mwaka huohuo, mjini Dongguan, kampuni ikatangaza mfumo endeshi wake yenyewe, HarmonyOS. Ulipoingia kwenye simu mwaka 2021 ulikuwa bado unafungua programu za Android, kwa hiyo sisi tunaoandika programu hatukupoteza usingizi. Faili lilelile la APK lilifunguka na mteja hakujua tofauti. Mambo yaligeuka Oktoba 2024, ilipotoka HarmonyOS NEXT. Msingi wa Android uliondolewa wote. Programu sasa inaandikwa kwa ArkTS, lugha iliyozaliwa na TypeScript, inajengwa ndani ya DevEco Studio na inatoka ikiwa faili la HAP. Ukipeleka APK, simu haiijui. Zipo programu za kuiga mazingira ya Android ndani yake, lakini hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayeweka mauzo yake juu ya maigizo.

Hoja inayotolewa kila mara kwa niaba yenu ni idadi. Watumiaji wangapi? Wako wapi? Wakifika kiasi fulani, ndipo tuzungumze. Kampuni ya utafiti ya Counterpoint ilisema katika robo ya kwanza ya 2024 HarmonyOS iliipita iOS nchini China, asilimia 17 kwa 16. Mtu akitaka kubishana kwa takwimu anaweza kuanzia hapo, na mwenzake atamjibu kwamba simu hizo wakati ule zilikuwa bado zinafungua APK. Ubishi huo hauna mwisho, nami sitauingia, kwa sababu idadi haijawahi kuwa kipimo chenu cha kweli.

Nasema hivyo kwa ushahidi. Ndugu wa Flutter, ndani ya injini yenu kulikuwa na upande wa Fuchsia kabla Fuchsia haijamfikia mnunuzi hata mmoja. Mfumo huo ulianza kuonekana kwenye kifaa cha nyumbani, Nest Hub, mwaka 2021, na hadi leo hakuna mtu ninayemfahamu aliyeutia mfukoni. Hakuna aliyeuliza watumiaji wako wangapi. Fuchsia ni ya Google, Flutter ni ya Google, mazungumzo yakaishia hapo. Sina kinyongo na hilo, kila mwenye nyumba huanza na wa kwake. Lakini ukishafanya hivyo huwezi kumgeukia jirani ukamdai sensa.

Isitoshe, idadi yenyewe hutengenezwa. Windows Phone iliingia sokoni mwishoni mwa 2010. Ilikuwa nyepesi, na simu za Lumia zilionekana mikononi mwa watu hata hapa mjini. Watumiaji walikuwa wachache kwa sababu programu zilikosekana, na programu zilikosekana kwa sababu watumiaji walikuwa wachache. Microsoft haikukaa mikono mitupu. Mwaka 2015 ilitangaza daraja la kuhamishia programu za Android, Project Astoria, halafu Februari 2016 ikalifuta. Oktoba 2017 Joe Belfiore, mmoja wa wakuu wa Windows, alieleza hadharani kwamba walijaribu kuwalipa watengenezaji na hata kuwaandikia programu wao wenyewe, bado watu hawakutosha. Mwanzoni mwa 2020 masasisho yakakoma. Kama kampuni yenye mfuko ule ilishindwa kuununua mduara huo, basi mjue kwamba zana ya kutengenezea programu ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoweza kuukata. Mwandishi akiweza kujenga kwa ajili ya mfumo wa tatu bila kuandika upya kila kitu, haulizi tena mfumo huo una watu wangapi. Anabonyeza tu kitufe cha tatu.

Hofu yenu naielewa, tena ina historia. PhoneGap, ambayo ndiyo iliyozaa Cordova, iliwahi kujivunia iOS, Android, BlackBerry, webOS, Symbian, Bada na Windows Phone. Kwenye simu, mifumo hiyo, isipokuwa miwili ya kwanza, ilikufa mmoja baada ya mwingine, na kila uliokufa uliacha msimbo ambao mtu fulani alipaswa kuendelea kuujaribu, kuuombea radhi, na mwishowe kuufuta. Kwenye orodha ile imebaki Android na iOS. Hakuna anayetaka kurudia makaburi yale. Ndiyo maana nasema swali la kuuliza si simu ziko ngapi mwaka huu. Ni nani atakayekuwa analea upande huo wa msimbo mwaka wa tano, shamrashamra zikiisha.

Swali hilo sisi huku tumelijua kwa simu ya kitochi.

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe inayoendeshwa na KaiOS. KaiOS nayo ni mtoto wa Firefox OS, mfumo ambao Mozilla iliacha kuupeleka kwenye simu za mitandao mwishoni mwa 2015. India ilikuwa imetangulia na JioPhone mwaka 2017, na mwaka 2018 Google yenyewe ikatia dola milioni 22 katika KaiOS. Hesabu ilikuwa nzuri. Simu ya bei ndogo, chaji inakaa, mtandao upo, na kubwa zaidi, WhatsApp ipo. Wapo kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao kitochi hicho ndicho kilichowaingiza kwenye kundi la WhatsApp la chama chao kwa mara ya kwanza, mwenyekiti akituma hesabu za wiki na kila mmoja akizisoma mwenyewe.

Sasa jaribuni kukiandikia programu kitochi hicho kwa zana za kisasa. Ndani yake mna Gecko 48, injini ya kivinjari ambayo Mozilla iliitoa Agosti 2016. WebAssembly iliingia Firefox ikiwa toleo la 52. Mpangilio wa gridi wa CSS, toleo la 52. Async na await, ambazo kijana anayeanza JavaScript leo anadhani zilikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia, toleo la 52. Kila zana iliyotoka baada ya hapo ilichukulia kwamba vitu hivyo vipo. Ukijenga programu ya kuonyesha salio la chama, kitu kidogo cha skrini tatu, inafunguka vizuri kwenye kompyuta yako, kisha kwenye kitochi unaona weupe mtupu. Hakuna ujumbe wa kosa. Weupe tu. Unarudi kuandika JavaScript ya kizee kwa mkono, unapima kila picha, kwa sababu RAM ni megabaiti 256 na mfumo wenyewe umeshakula sehemu yake. Mwenye subira anafika. Wengi hawakufika, na siwalaumu.

Kisha Juni 2024 WhatsApp ikaacha kupatikana kwa kupakuliwa upya kwenye duka la KaiOS, na waliokuwa nayo wakaambiwa muda wao ungefika mwisho mwanzoni mwa 2025. Simu haikuharibika. Vitufe vinabofyeka, tochi inawaka. Lakini yule mama aliyenunua simu kwa ajili ya kundi la chama amerudi kuwa mtu wa kusomewa hesabu na mwenzake. Hakuna aliyemwambia siku ya kununua kwamba msaada ule ulikuwa na ukomo, kwa sababu ukomo wenyewe haukuandikwa popote.

Kwa hiyo msinielewe kama mtu anayewaambia mkumbatie kila mfumo unaozaliwa. Mfumo ukipokewa kwa furaha halafu ukatupwa kimyakimya, anayeumia ni yule aliyekuwa na uwezo wa kununua simu moja tu. Heri kumwambia hapana tangu mwanzo, angenunua nyingine.

Turudi kwenye HarmonyOS, na kwenye kazi yenyewe, maana mara nyingi ubishi huu huendeshwa na watu wasiojua mzigo uko wapi. Flutter haitumii vitufe vya mfumo. Huchora yenyewe kila nukta ya skrini kwa injini yake ya C++, zamani kwa Skia na sasa kwa Impeller. Inachohitaji kwenye mfumo mpya ni tabaka jembamba la kuunganisha: mahali pa kuchorea, habari za mguso, kibodi, na taarifa kwamba programu imefunguliwa au imewekwa pembeni. React Native inafuata njia nyingine. Ninachoandika kwa JavaScript hugeuka kitufe halisi na maandishi halisi ya mfumo husika, kwa hiyo kila kipande lazima kipatiwe mwenzake kwenye ArkUI, vipengele vya skrini vya HarmonyOS. Kazi ya React Native ni nzito zaidi, na ajabu ni kwamba ndio waliofungua mlango mapema zaidi. Nitalifikia hilo.

Hata hivyo, injini siyo penye maumivu. Chukueni programu ya kawaida ya duka la vipuri Kariakoo. Muuzaji anachagua bidhaa, anatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, mteja anaweka namba ya siri, taarifa inaingia kwamba pesa imepokelewa, na risiti inatoka kwenye printa ndogo ya bluetooth juu ya kaunta. Ndani ya mauzo hayo ya dakika moja mna plagini nne au tano ambazo si zenu wala si zangu: ya bluetooth, ya kamera inayosoma QR, ya kuhifadhi kumbukumbu mtandao ukikata, ya taarifa za papo hapo. Fungua folda ya mojawapo. Utakuta upande wa Android na upande wa iOS, na anayezitunza pande zote mbili ni mtu mmoja anayefanya hivyo usiku baada ya kazi ya mshahara. Taarifa za papo hapo, kwa wengi wetu, hupitia Firebase, ambayo kwenye Android inategemea huduma za Google Play. Kwenye HarmonyOS NEXT huduma hizo hazipo. Huawei ina Push Kit yake. Hata injini ikichora skrini bila kasoro, muuzaji atabaki anatazama duara linalozunguka huku mteja akiapa kwamba ameshalipa.

Mteja wangu mmoja, anayefuata mzigo Guangzhou kila msimu, alirudi na simu ya huko akitaka programu yake ya stoo ifunguke humo. Nilimwambia ukweli, kwamba kilichonishinda si skrini bali printa na taarifa za malipo. Alinitazama kama fundi anayejitetea. Kwa haki, simu kama yake hapa mjini ni za kuhesabu, kwa kuwa zile ambazo Huawei inauza nje ya China bado zinatumia EMUI, yenye msingi wa Android. Sidai kwamba Dar es Salaam inalia kwa kukosa HarmonyOS. Ninachodai ni kwamba njia mtakayoitumia kuipokea au kuikataa ndiyo hiyohiyo utakayokutana nayo mfumo unaofuata, na huo unaofuata unaweza kuwa wa simu za kwetu.

Nani basi abebe? Kwetu mwenye harusi ndiye anayepika pilau. Jirani huazima masufuria. Samsung ilielewa hivyo ikaitunza yenyewe Flutter ya mfumo wake wa Tizen. LG iliipeleka Flutter kwenye webOS ya runinga zake. Microsoft inalea React Native ya Windows na ya macOS kwa watu wake na mshahara wake. Hakuna kati yao aliyewatupia nyinyi kazi ya kujaribu vifaa vyake. Huawei na jumuiya ya OpenHarmony, toleo huria la HarmonyOS, nao wameshaanza: tawi la Flutter kwa ajili ya mfumo huo lipo, la React Native lipo. Kinachokera ni kwamba matawi hayo hukimbia nyuma ya shina. La Flutter lilijengwa juu ya toleo la 3.7, baadaye 3.22, la React Native likaanzia 0.72, na kila mara shina lilikuwa limeshatangulia. Mwandishi anayetaka mifumo mitatu analazimika kubaki kwenye toleo la kale kwa yote mitatu, au kutunza nakala mbili za programu moja. Nimeona timu zikichagua la pili. Baada ya miezi michache nakala moja inaota kutu.

Hapo ndipo nyinyi mnapoingia, na hapa nawasema kwa heshima. Tawi linachelewa kwa sababu shina linabadilisha sehemu zake za ndani bila kumwambia aliyejiunga nalo kutoka nje. Ndugu wa Flutter, tayari mna mpango mzuri wa plagini unaomruhusu mtu wa tatu kuongeza upande wa mfumo mpya bila kumbembeleza mwenye plagini, na mna lango la kuunganishia injini na mifumo ya nje. Liheshimuni lango hilo kama mnavyoiheshimu iOS. Likibadilika, litangazwe mapema na majaribio yake yaendeshwe hadharani, ili aliye nje aone kilichovunjika siku hiyohiyo, si baada ya miezi sita. Hilo haliwadai kununua hata simu moja ya Huawei.

Ndugu wa React Native, nyinyi Oktoba 2025 mlitangaziwa wakfu chini ya Linux Foundation, na baadaye Huawei ikawa miongoni mwa wanachama waanzilishi pamoja na Meta, Microsoft, Amazon na wengine. Hatua hiyo naipongeza kwa dhati, maana anayetaka mfumo wake ulelewe sasa ameketi mezani na anaweza kudaiwa. Basi mdaini. Kiti mezani kisiwe cha picha ya pamoja.

Kuna watakaosema siasa haziruhusu, kwamba kampuni ya Marekani haiwezi kugusa chochote cha Huawei. Programu huria iliyochapishwa hadharani ina nafasi yake ndani ya kanuni za Marekani za kuuza teknolojia nje, na Linux Foundation iliwahi kuwaeleza wanachama wake jambo hilo kwa maandishi. Wanasheria wenu wanalijua kuliko mimi. Kama kikwazo ni sheria, tuambieni kifungu. Kama kikwazo ni ushindani, hilo nalo ni jibu, lakini lisivikwe kanzu ya takwimu za watumiaji.

Mtu mmoja ataniuliza kwa nini tusiandike programu za kivinjari tu, tukaachana na mifumo yote. Nimeshawasimulia habari za Gecko 48. Kivinjari nacho kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuacha kukisasisha.

Historia ya Qt, zana nyingine ya kutengenezea programu, inanipa moyo hapa kuliko hizo nyingine. Nokia iliinunua kampuni ya Trolltech, wenye Qt, mwaka 2008, ikawaambia waandishi wa programu waijenge kesho yao juu yake, kuanzia Symbian. Februari 2011 Nokia hiyohiyo ikahamia Windows Phone, ambako Qt haikupewa nafasi, na mwaka 2012 ikaiuza kwa Digia. Symbian imekufa na Qt inaendelea hadi leo kwenye magari na mitambo, kwa sababu haikuwa imefungwa kwenye mfumo mmoja. Zana zenu nazo zinaweza kuishi kuliko Android. Sijui kama mnaliona hilo mnapohesabu gharama.

Ombi langu la mwisho ni dogo na halihitaji mkutano. Kwenye ukurasa ule mnaoorodhesha mifumo ambayo zana yenu inaifanyia kazi, kila mfumo uandikiwe mambo mawili: jina la taasisi inayoulea na tarehe ambayo ahadi yake inakwisha. Kwa HarmonyOS iandikwe Huawei, na Huawei itie saini ya miaka isiyopungua mitano. Kwa Fuchsia iandikwe Google, hali kadhalika. Pasipo na mlezi iandikwe hapana, kwa herufi zinazosomeka, ili mama wa chama na mimi ninayemwandikia tujue kabla hajatoa pesa. Mlezi akijiondoa, itangazwe mwaka mmoja kabla.

Huawei ikikataa kutia saini, msiupokee mfumo wake, nami nitakuwa upande wenu. Ikikubali, hamna sababu ya kuukataa.

Wenu katika kazi,
Mwandishi wa programu, Dar es Salaam